Habari za Chupa Namba Kumi na Saba

Saa mbili kasorobo asubuhi Hadiya alikuwa amekwisha kuosha chupa ishirini na mbili na kuzipanga midomo chini juu ya meza ya zinki. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Bondeni hapo Nakuru, wa wazazi waliopanda na reli kutoka pwani na wasirudi. Kazi yake katika chumba cha damu cha hospitali ilikuwa kuosha. Aoshe chupa, aoshe mipira ya kupitishia damu, na siku ikihitajika aoshe damu yenyewe.

Mwaka ule wa 1955 damu ilikuwa ikioshwa kweli. Daktari Ransley alisoma katika jarida lililomfikia kwa meli kwamba chembe nyekundu za damu, zikichanganywa na gliserini, zinaweza kugandishwa miezi mingi zisife. Akajaribu, ikakubali. Barafu kavu ilikuja kwa treni kutoka Nairobi, imefukiwa kwenye unga wa mbao, na chupa zililala ndani yake kimya. Shida ilikuwa kuziamsha. Damu ikishayeyuka lazima itolewe gliserini polepole, kwa maji ya chumvi makali, kisha ya wastani, kisha ya kawaida, maana ukiharakisha chembe hupasuka. Na hata ukifanya yote hayo kwa adabu, damu iliyoamka hukaa siku moja tu. Kesho yake yale maji meupe yanayotulia juu ya chembe huanza kuingia wekundu, na hapo kinachobaki ni kumwaga kwenye sinki.

Damu hiyo ilitoka kwa watu waliokamatwa mashambani wakati wa Hali ya Hatari na kupitishwa Nakuru wakielekea kizuizini. Hawakulazimishwa, waliombwa. Askari aliyewaomba alikuwa na bunduki, lakini ilikuwa begani. Kila aliyetoa alipewa chai na biskuti mbili.

Iliyogandishwa ilikuwa ya wadi ya juu peke yake. Kanuni ya kamati ya hospitali haikutaja rangi ya mtu hata kidogo, kwa kuwa kamati ilikuwa ya waungwana. Ilisema tu kwamba barafu kavu imeletwa kwa michango ya wanachama, hivyo chochote kilicholala kwenye barafu hiyo ni cha wanachama. Damu ilikuwa ya watu wote. Barafu ndiyo ilikuwa na wenyewe. Wadi ya chini, walikolazwa Waafrika, walitumia damu ya ndugu zao iliyotolewa siku hiyohiyo, ndugu wakipatikana.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano Daktari aliamuru chupa namba kumi na saba iyeyushwe kwa ajili ya Bwana Thurlby wa Ndabibi, aliyekuwa na kidonda cha tumbo na angepasuliwa jioni. Saa tisa ikaja simu kwamba daktari mpasuaji ameteguka kifundo cha mguu akiwinda bata Naivasha. Daktari Ransley akatazama chupa iliyokwisha kuoshwa, akasema, "Kesho mwaga."

Hadiya aliijua chupa hiyo. Mwenyewe alikuwa Nderitu, mchimba viazi wa shamba moja huko Molo. Siku alipotoa damu, mkono mmoja ukiwa na sindano na mwingine ukiwa na pingu, aliuliza hali ya Hadiya na ya watoto wake kama mtu aliyekaa sebuleni, kisha akamwambia, "Mama, ukipata mtu wa Molo, peleka salamu kwa mke wangu, jina lake Wangu. Mwambie niko mzima. Na jembe nimeliweka juu ya dari."

Hadiya aliitikia, na hakufikisha. Si kwa ubaya. Siku zilipita, akasahau. Kwao Bondeni salamu ni amana, na mtu anayekaa na amana ya mwenzake hana tofauti na mwizi. Jioni hiyo alipokuwa peke yake aliisogelea chupa akaiomba radhi. Akaiambia kwamba salamu hazijafika, kwamba jembe huenda bado liko darini, na kwamba kesho mapema ataenda sokoni kwenye malori ya viazi amtafute mtu.

Asubuhi maji ya juu yalikuwa meupe vilevile. Daktari aliiinua chupa dirishani, akaigeuza, akairudisha kwenye friji.

Mtu aliyepatikana sokoni aliitwa Makokha, mpakiaji wa lori la Molo, Mluhya mwenye shingo nene na subira ndogo. Alizichukua salamu, na siku iliyofuata akaleta majibu.

"Huyo mama nimemuona. Ako na mimba kubwa. Jembe amepata. Anasema miezi miwili amechimba viazi na panga, na jembe iko juu ya kichwa yake."

Maneno hayo yalimchoma Hadiya. Hata hivyo aliyapeleka yote kwenye friji kama alivyoyapokea, akaongeza bei ya viazi na habari za mvua. Maji yakabaki meupe. Siku ya tatu, meupe. Siku ya nne Daktari alimwita akamuuliza anaifanyia nini hiyo chupa.

"Naipa habari za nyumbani, Daktari."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mchana nikipata nafasi."

Daktari Ransley alikuwa mtu wa sayansi, na mtu wa sayansi huandika anachokiona. Katika daftari lake, kati ya safu ya joto na safu ya chumvi, alipiga mstari mwingine na kuandika juu yake: Mazungumzo. Akamuomba Hadiya aongeze la mchana ili hesabu iwe sawa.

Siku ya tano, Jumamosi, Makokha alifika mwenyewe hospitalini. Juu ya magunia ya viazi alikuwa amemlaza Wangu. Mtoto alizaliwa usiku kule Molo, msichana mzima kabisa, lakini damu ya mama ilikataa kusimama. "Barabara yote ilikuwa inatoka," alisema Makokha. "Nimeendesha dereva kama punda." Mama mzazi wa Wangu alikuwa ameketi kando ya bintiye, kitoto amekifunga kifuani, na pasi zao za kusafiria amezishika mkononi, kwa kuwa waliulizwa njiani mara tatu.

Wakamlaza wadi ya chini, kitanda cha karibu na mlango. Midomo yake ilikuwa myeupe. Hadiya alimshika mkono akajitaja, na Wangu akamtazama kwa utulivu.

"Ni wewe wa jembe," alisema.

"Ni mimi. Unisamehe."

"Si kitu, mama. Lilikuwa mahali pazuri. Halikupata kutu."

Ndugu wa kumtolea damu hawakupatikana, kwa sababu wanaume wa ukoo walikuwa kizuizini na wanawake walikwisha kurudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa na serikali. Mama yake mwenyewe alikuwa amekonda hata nesi hakuthubutu kumchoma. Hadiya alijitolea, na damu yake ilipochanganywa na ya Wangu kwenye kigae ikafanya madonge kama uji uliopikwa na mvivu. Ya Makokha ikafanya vivyo hivyo. Ndipo Hadiya akachota tone moja kutoka chupa namba kumi na saba. Yale matone mawili yaliingiliana, yakatulia, na kigae chote kikawa rangi moja. Akakifunika, akakiweka.

Jioni alikwenda kwenye friji na moyo mzito, na hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyelelewa vizuri, akiulizwa habari, hujibu njema kwanza. Hata kama anatoka makaburini hujibu njema, wakakaa, wakanywa chai, ndipo aseme, "isipokuwa." Hadiya hakujua njia nyingine. Akaiambia chupa, "Habari za Molo ni njema. Wangu amejifungua salama, hajambo." Akanyamaza ili apumzike kidogo kabla ya lile la isipokuwa, na nesi akamwita, akaenda.

Aliporudi baada ya robo saa, maji ya juu yalikuwa yameanza kuwa ya waridi.

Akapiga magoti mbele ya friji akasema yote, kwa haraka na bila heshima: mke wako yuko hapa chini, anatokwa na damu, hana wa kumpa, huenda akafa. Waridi ule ulisimama pale ulipofikia. Baadaye, taratibu, ukashuka, na maji yakawa meupe tena. Tangu siku hiyo Hadiya alitoa habari mbaya kwanza na njema baadaye, jambo ambalo marehemu mama yake angelikemea.

Kesho yake Jumapili alimfuata Daktari na kile kigae. Daktari alikitazama kwa makini na kukubali kwamba damu hizo zinapatana kuliko zozote alizowahi kupima. "Kwa udaktari hakuna pingamizi," alisema. "Lakini barafu, Hadiya. Lazima niandikie kamati."

Kuandikia kamati hakukuwa safari ndefu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Thurlby, na Bwana Thurlby alikuwa ghorofani, wadi ya juu, akisubiri kifundo cha mguu cha mpasuaji kipone. Daktari alipanda ngazi na barua mkononi. Hadiya alibaki chini ya ngazi, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi alisikia.

Bwana Thurlby hakuwa mtu mkatili. Aliuliza jina la mgonjwa, akauliza hali ya mtoto, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa. Akasema kwamba kwa bahati mbaya chupa hiyo imeandikwa jina lake, hivyo yeye ana maslahi katika jambo hili, na mwenye maslahi hawezi kuamua. Haingekuwa haki. Makamu wake alikuwa mapumzikoni Malindi. Wajumbe waliobaki walikuwa wawili, na kanuni inataka watatu.

"Kama ningekuwa si mgonjwa," alisema, "ningeikubali mara moja."

"Kama ungekuwa si mgonjwa, chupa isingeyeyushwa," alisema Daktari.

"Ndiyo hivyo," alisema Bwana Thurlby kwa huzuni.

Daktari akashuka. Alimpita Hadiya bila kumtazama, na masikio yake yalikuwa mekundu. Hadiya alifikiria kuichukua chupa akashuke nayo mwenyewe. Aliifikiria fikra hiyo hadi ufunguo wa friji, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Daktari, ambaye Jumapili mchana huifunga friji akaenda kucheza gofu. Hili hakujisamehe hata baadaye: kwamba alikaa kungoja mtu arudi kutoka gofu.

Jumatatu na Jumanne friji ilifunguliwa Daktari akiwepo tu, na Wangu aliishi kwa maji ya chumvi na chai ya sukari. Alizungumza kidogo. Aliuliza kama viazi vya mstari wa mwisho vimefunikwa, na kama Nderitu ataambiwa mtoto ni msichana. Hadiya alimwambia kwamba Nderitu ameambiwa. Wangu hakuuliza kivipi.

Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi. Bibi yake mtoto alimfumba macho, akakaa sakafuni.

Karani wa wilaya alipoulizwa jinsi ya kumpasha mume habari, alifungua faili akasoma kwamba mfungwa wa daraja hilo hupokea barua kutoka kwa mkewe tu. Akaeleza kwa upole kwamba mke sasa hayupo. Kwa hiyo aliyejua ni damu. Hadiya aliiambia kabla ya kitu kingine chochote, kwa sentensi moja, kisha akalia palepale na kichwa chake kwenye mlango wa friji. Chembe zilikolea zikawa karibu nyeusi. Maji hayakubadilika.

Alhamisi mpasuaji aliwasili na fimbo. Bwana Thurlby alipasuliwa vizuri, na ile chupa yote ikaingia mkononi mwake, ikiwa na umri wa siku kumi tangu kuyeyushwa, jambo ambalo Daktari Ransley alilipigia mstari mara mbili katika daftari.

Ijumaa asubuhi Bwana Thurlby aliamka akizungumza Kikuyu cha Molo. Nesi alimdhania ana homa, akampima, hana. Akaomba aitwe mama anayeosha chupa. Hadiya alipanda ngazi hizo kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akasimama miguuni pa kitanda.

"Wangu yuko wapi?" aliuliza Bwana Thurlby, kwa Kiswahili kilichonyooka, yeye ambaye miaka ishirini na tano alikuwa hajawahi kusema zaidi ya lete na ondoa.

"Amefariki Jumatano. Nilikuambia."

"Najua uliniambia. Nilitaka kusikia tena, nikiwa na masikio."

Akageukia ukuta akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Mkewe, Bibi Thurlby, alipokuja na maua alielezwa na Daktari kwamba Bwana amefiwa. Aliuliza matanga hukaa siku ngapi, akaenda kuwaambia wapishi wapunguze nyama.

Hakuna aliyeshangaa sana. Wilayani walikwisha kuona walowezi waliorudi kutoka India na imani za ajabu zaidi. Bwana Thurlby alinyoa nywele kama mfiwa. Kila Jumapili alikwenda makaburini Nakuru, akakaa chini kwenye majani kando ya Wangu na kumsimulia habari za viazi. Kila asubuhi alipakia debe la maziwa kwenye treni kwenda Molo, kwa ajili ya mtoto aliyelelewa huko na bibi yake, na Makokha akalipokea. Bwana Thurlby alisema mtoto ana paji la uso la mama yake. Alisema hivyo kwa fahari.

Na aliandika hoja. Aliiandika kwa mkono wake, kurasa mbili: kwamba damu iliyogandishwa iwe ya mgonjwa anayeihitaji, wadi yoyote, kwamba mwanamke ameuawa na kanuni, na kwamba aliyeisaini kanuni hiyo ni yeye mwenyewe. Alitaka kamati ikutane siku ileile. Makamu, aliyerudi kutoka Malindi amebabuka kwa jua, alimkumbusha kwamba mwenyekiti aliye matangani hupewa mapumziko ya heshima, na hoja yake husubiri kikao cha kawaida. Kikao cha kawaida kilikuwa baada ya miezi minne kasoro siku chache. Bwana Thurlby akainamisha kichwa. Hata akiwa na damu ya Nderitu, alikuwa bado na mifupa ya mwenyekiti.

Hadiya alihesabu. Alikuwa amemsikia Daktari akisema kwamba chembe nyekundu ndani ya mtu huishi siku mia moja na ishirini, kisha huchakaa na kutoweka. Kikao kilipangwa siku ya mia moja na kumi na nane. Ilitosha, kwa kubana. Lakini katikati ya mwezi wa tisa makamu aliwatangazia wajumbe kwamba juma hilo ni la maonyesho ya kilimo, wengi wao wana mafahali wa kushindanisha, na kikao kimesogezwa mbele siku saba.

Siku ya mia moja na kumi na tisa Hadiya aliomba ruhusa, akasafiri hadi Naivasha, na kutoka hapo akapanda gari la maziwa hadi Ndabibi. Kiplangat, mpishi wa nyumba hiyo, alimpitisha jikoni hadi barazani. Bwana Thurlby alikuwa ameketi na gazeti. Nywele zilikuwa zimeota.

Hadiya alianza na mabaya, kama alivyokwisha kujifunza. Kwamba mtoto ana kikohozi. Kwamba karani wa wilaya bado anasema barua ni za mke tu. Kwamba kikao kimesogezwa. Kisha akatoa mazuri: mtoto ametoa jino, viazi vya mstari wa mwisho vilifunikwa vyote. Alizungumza saa nzima, hadi koo likakauka. Mwanzoni Bwana Thurlby aliitikia kwa kichwa. Aliposikia habari za jino alitabasamu, akasema, "Mapema hivyo?" Halafu akawa anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hadiya akaongeza sauti. Akataja jina la Wangu mara tatu.

Bwana Thurlby alikunja gazeti, akamgeukia mpishi.

"Kiplangat! Hii mama nataka nini?"

"Alileta habari, Bwana," alisema Kiplangat.

"Pa yeye chai. Kisha kwenda."

Hadiya alipewa chai na biskuti mbili. Chai aliinywa, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

Kikao kilifanyika siku ya mia moja na ishirini na tano. Hadiya aliitwa aeleze namna anavyotunza chupa, akasimama karibu na mlango. Bwana Thurlby, mwenye afya na rangi nzuri, aliifikia hoja ya nne. Aliisoma kimoyomoyo, akageuza ukurasa, akarudi mwanzo. Akasema mwandiko unafanana na wake. Akauliza kama kuna mjumbe anayejua hoja hii imeletwa na nani. Kila mtu alitazama karatasi zake. Daktari Ransley alifungua mdomo, akakumbuka kwamba hoja ya tano ni ya kwake, akaufunga.

"Basi haina mwenyewe," alisema Bwana Thurlby, akaikata kwa mstari.

Hoja ya tano ilipita bila mpinzani. Kamati ilipokea kwa furaha ushahidi kwamba damu iliyoyeyushwa, ikipewa habari za nyumbani mara tatu kwa siku, hukaa siku kumi na zaidi. Ikaagiza utaratibu huo uandikwe na kubandikwa ukutani. Na kwa kuwa kazi hiyo humtaka mtu akae muda mrefu mbele ya friji, ikaidhinisha kiti.

Kiti kilitengenezwa na fundi Harbans kwa mbao za msonobari, kikawa kizuri, na mgongo wake ulipigwa msasa hadi ukateleza. Kilifika Jumatatu. Asubuhi hiyohiyo Daktari aliamuru chupa namba thelathini na moja iyeyushwe kwa ajili ya bibi mmoja wa wadi ya juu, na katika wadi ya chini, kitanda cha karibu na mlango, walikuwa wamemlaza mwanamke kutoka Olenguruone aliyeletwa na shemeji zake kwenye machela.

Hadiya aliiosha damu kwa maji makali, ya wastani, na ya kawaida. Akaiweka kwenye friji, akakivuta kiti. Nyuma ya mgongo wa kiti palikuwa na kibao cha shaba, kimepigiliwa misumari minne midogo, kikieleza kwamba kiti hiki kimenunuliwa kwa michango na ni cha wanachama. Akakisoma mara mbili. Akakisogeza kiti ukutani, akabaki amesimama, akaanza na habari mbaya.